Mkono Hujifunza kwa Kutenda: Mwongozo wa Kusuka Kiondo na Stadi Nyingine za Mwili

Mwongozo huu ni wako ikiwa unataka kujifunza kazi ya mikono ukiwa mtu mzima, au ikiwa una mtoto, mjukuu au mwanagenzi wa kumfundisha. Nimechukua kiondo, yaani kikapu cha kusukwa, kuwa mfano mkuu kwa sababu Kitui na Makueni, huku Ukambani nchini Kenya, ni nchi ya kiondo. Kuanzia Mwingi hadi Mutomo, na kuanzia Mbooni hadi Kibwezi, hukosi mama au susu (bibi) anayejua kukisuka, na mkonge wenyewe umeota kwenye ua na kando ya mitaro. Utakayoyasoma yatakufaa pia ukishika jembe, cherehani au mtungi wa maji.

Jambo la kushika ni moja. Hakuna anayeweza kuuhamisha ujuzi kutoka mkono wake hadi mkono wako kwa maneno. Mwalimu atakuonyesha, atakupangia kazi na kukuzuia usiumie, lakini kuurekebisha mwendo ni kazi ya mwili wako mwenyewe. Mwili huifanya kazi hiyo unapopewa nafasi ya kukosea, kulihisi kosa, kupumzika na kurudi tena.

Fahamu kwanza kinachotokea mwilini

Kitabu cha wanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts na Michael Posner, kilichotoka mwaka 1967, kiligawa kujifunza mwendo katika hatua tatu, na mpaka leo walimu wa michezo na wa tiba ya viungo hutumia mgawanyo huo. Hatua ya kwanza ni ya kichwa. Unajisemea moyoni, “huu mbele, huu nyuma,” na mtu akikusalimu tu unapoteza hesabu. Hatua ya pili makosa yanapungua, nawe unaanza kuuhisi mstari uliolegea kabla hujauona. Hatua ya tatu mikono inakwenda yenyewe. Ndiyo maana mama wa Ukambani aliyezoea anaweza kutembea kwenda sokoni huku anasuka na kuzungumza na mwenzake, na uzi ukipita pasipo pake vidole vyake vinamwambia.

Kumbukumbu ya mwendo haikai pamoja na kumbukumbu ya matukio. Mwaka 1962 Brenda Milner, mtafiti wa Montreal nchini Kanada, alieleza habari za mgonjwa aliyeondolewa sehemu ya ubongo ili kutibiwa kifafa, na tangu hapo akawa hawezi kukumbuka jambo jipya. Alipewa zoezi la kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku alilipokea zoezi hilo kama hajawahi kuliona, na bado kila siku mkono wake ulichora vizuri zaidi.

Lichukue hilo nyumbani kwa namna mbili. Kwanza, kuyakumbuka maelezo ya mwalimu hakumaanishi kwamba mkono umeshajua. Pili, susu akishindwa kukueleza anavyofanya, usidhani anakuficha. Ujuzi wake umekaa mahali ambapo maneno hayafiki kwa urahisi. Badala ya kumuuliza “unafanyaje?” mwombe hivi: “Susu, nionyeshe tena, polepole.”

Chagua mahali pa kukaa

Watu wengi huketi wakielekeana na mwalimu, kisha wanashangaa mbona kila kitu kinakwenda kinyume. Keti ubavuni mwake, mkitazama upande mmoja, mkono wako wa kulia ukiwa upande uleule wa mkono wake wa kulia. Kama unatumia mkono wa kushoto naye anatumia wa kulia, basi hapo keti mkabala naye, maana utamwona jinsi mtu anavyojiona kwenye kioo.

Mtazame akifanya kazi nzima kwa kasi yake ya kawaida, kisha akifanya kipande kimoja polepole, kisha kwa kasi tena. Ukishatazama, shika kazi mara moja. Kutazama siku nzima bila kugusa uzi hakutoshi, kwa sababu serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni inayolinganisha mwendo uliokusudia na mwendo uliotokea, haina cha kulinganisha mpaka mkono usogee.

Anza na uzi

Kabla ya kiondo kuna uzi, na uzi ni shule ya kutosha kwa wiki nzima. Chukua mafungu mawili membamba ya nyuzi za mkonge zilizoparwa, zikaoshwa na kukaushwa. Yalaze kwenye paja sambamba, yakiwa yameachana kidogo. Mkono wa kushoto ushike ncha zilipoungana. Weka kiganja cha kulia juu ya mafungu yote mawili, ukisukume kuelekea gotini, na kila fungu litajisokota peke yake. Bila kuinua kiganja, yasogeze mafungu yakutane, kisha uvute kiganja kurudi ulikotoka. Hapo yatajizungusha moja juu ya jingine na kuwa uzi mmoja.

Makosa ya mwanzoni ni matatu. La kwanza ni kukandamiza kwa nguvu, jambo linaloyafanya mafungu yateleze badala ya kuviringika. La pili ni mafungu yasiyolingana, na matokeo yake ni uzi mnene hapa na mwembamba pale. La tatu ni kuchelewa kuunga. Nyuzi mpya huongezwa kabla zile za zamani hazijaisha, na mafungu mawili yasiungwe mahali pamoja, la sivyo uzi utakatikia hapo. Ili kujipima, kunja kipande cha urefu wa kiganja kisha ukiachie. Kikifumuka, msukumo wako wa kwanza haukusokota vya kutosha.

Usihangaike kuuiga mkono wa mwalimu kwa kila pembe. Katika miaka ya 1920 huko Moscow, Nikolai Bernstein alipiga picha za mafundi waliokuwa wakigonga patasi kwa nyundo, akaona kwamba njia ya bega na kiwiko haikufanana kabisa pigo hadi pigo, hata kwa fundi mzoefu, ilhali nyundo ilifika palepale. Fundi hakariri mwendo mmoja. Analitatua tatizo lilelile upya kila mara. Paja lako si refu kama la susu, na kiganja chako hakina ugumu wa chake. Mfuate kwenye uzi ulionyooka na kukazana, na mkono wako utapata njia yake ya kuufikia.

Usianze na kitako

Kiondo huanzia kitakoni, lakini mwanafunzi si lazima aanzie hapo. Kitako ndicho kigumu kuliko vyote. Nyuzi chache za kusimama hupishanishwa katikati, kisha nyuzi mbili za kuzungusha hupita, moja mbele ya uzi wa kusimama na nyingine nyuma yake, na kabla ya kufikia uzi unaofuata zinabadilishana nafasi. Mduara unapopanuka, nyuzi mpya za kusimama huongezwa. Zikiwa chache, kitako kinaacha matundu. Zikizidi, kinajikunja mawimbi kikakataa kulala chini. Kinapofikia upana unaotakiwa, msusi anaacha kuongeza, na kuta zinaanza kupanda.

Mwombe mwalimu akusukie kitako na mistari michache ya ukuta, kisha wewe uendelee na ukuta. Hapo kazi ni moja tu: mbele, nyuma, badilisha, kaza. Makosa utayaona na kuyarekebisha mstari huohuo, na kiondo kitaisha kikiwa kiondo. Jean Lave, mtafiti aliyekaa na mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970, aliona utaratibu wa aina hii: wanagenzi walianza na umaliziaji, yaani vifungo na pindo, na kukata kitambaa kukaja baadaye. Anayeanzia mwishoni hujua kitu kizima kinavyopaswa kuwa kabla hajakabidhiwa sehemu ambayo kosa lake ni ghali. Ukishamaliza kuta za viondo viwili vitatu vidogo, rudi kitakoni.

Tazama kazi, usitazame vidole

Unaposuka, weka mawazo kwenye uzi: umekaa juu ya mwenzake? umelingana na ule wa jana? Usiyaweke kwenye kidole gumba. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kuyumba kwenye chombo kinachoiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie magurudumu yaliyo chini ya miguu walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yenyewe. Tafiti nyingi zilizofuata, za michezo mbalimbali, zilielekea upande huohuo. Mtu akianza kukisimamia kiungo chake kwa akili, huuingilia mwendo ambao mwili ungeupanga wenyewe.

Kanuni hii inafaa shambani pia. Matuta ya fanya juu, yaliyoenea katika vilima vya Machakos na Makueni tangu miaka ya 1950, huchimbwa kwa kufuata kontua, na udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu wa mteremko. Kurusha udongo kupanda mlima kunachosha haraka mtu asiyejua. Ukimfundisha kijana kwenye mwethya (kazi ya pamoja) wa kuchimba matuta, usimwambie “nyoosha mkono, pinda kiuno.” Chomeka kijiti pale tuta linapotakiwa kusimama, umwambie udongo uangukie hapo. Atakosea mara kadhaa, kisha mwili wake utaanza kuutumia uzito wa mguu na kiuno bila kuagizwa.

Kidogo kila siku, kisha ulale

Mwaka 1978 nchini Uingereza, Alan Baddeley na Longman walitoa matokeo ya kuwafundisha wafanyakazi wa posta kupiga chapa. Baadhi walifanya mazoezi saa moja kwa siku, wengine saa mbili mara mbili kwa siku. Wale wa saa moja walihitaji saa chache zaidi kwa jumla kuufikia ujuzi uleule, na walipopimwa miezi kadhaa baadaye, wale wa saa mbili mara mbili ndio waliokuwa nyuma zaidi. Ajabu ni kwamba wale wa saa moja ndio hawakuridhika sana na mpango wao, kwa kuwa siku zilikwenda nyingi. Usiuamini basi moyo unaokuhimiza umalize kila kitu Jumamosi moja.

Tenga nusu saa asubuhi kabla jua halijawa kali, au jioni wanyama wakishaingia zizini. Simama unapoanza kurudia kosa lilelile mara tatu mfululizo. Kuendelea hapo ni kulizoeza kosa. Kisha ulale vya kutosha. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake walionyesha kwamba watu waliojifunza kubofya vitufe kwa mpangilio fulani jioni waliamka wakiwa wepesi zaidi bila zoezi jingine, na waliojifunza asubuhi hawakupata nafuu hiyo mpaka nao walipolala. Ubongo unaendelea na kazi ukiwa usingizini. Kijana anayekesha na simu baada ya mazoezi anaitupa sehemu ya jasho lake.

Changanya, hata kama unaona unarudi nyuma

Ukishaweza mstari wa rangi moja, usiusuke huo peke yake kwa wiki mbili. Suka mistari michache ya rangi moja, kisha michache ya rangi mbili, kisha sokota uzi, kisha rudi kwenye ukuta. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwapa wanafunzi miendo mitatu ya mkono. Waliojifunza mwendo mmoja mpaka mwisho ndipo wakahamia mwingine walionekana hodari wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa walionekana wazito. Walipopimwa siku kumi baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wameshika zaidi.

Sababu ni kwamba kila unaporudi kwenye kazi uliyoiacha, ubongo unalazimika kuujenga mwendo upya, na kule kuujenga ndiko kujifunza kwenyewe. Kwa hiyo usijipime mwishoni mwa zoezi, mikono ikiwa imepata moto. Jipime kesho yake, kwenye mistari mitano ya kwanza. Hiyo ndiyo inayosema ukweli.

Ikiwa wewe ndiwe mwalimu

Upendo ukizidi huharibu mafundisho. Mama anamwona binti anakosea, anamnyang’anya kiondo na kukinyoosha mwenyewe. Kiondo kimenyooka, lakini mkono wa binti haukupata kitu. Uchambuzi wa Salmoni, Schmidt na Walter wa mwaka 1984 ulieleza hatari ya kumsahihisha mwanafunzi kila anaposogea: anafanya vizuri ukiwapo, ukiondoka anaanguka, kwa sababu alitegemea jicho lako badala ya kuzoea kulihisi kosa lake.

Mwache asuke mistari mitatu au minne. Kisha muulize, “Unaona nini hapa?” Ngoja ajibu. Akiliona kosa mwenyewe, hana haja ya hotuba yako. Asipoliona, chukua kidole chake ukipitishe juu ya mstari uliolegea, kisha juu ya uliokazwa, apate tofauti kwa kugusa. Mpe sahihisho moja kwa wakati mmoja. Akifumua, afumue kwa mkono wake, kwani kufumua kunamwonyesha uzi ulivyopita.

Mtoto mdogo usimkabidhi mkonge mgumu. Mpe kamba nene na laini, au nyuzi za sufu, na kazi inayoisha kabla hajachoka. Mpe pia ruhusa ya kucheza, maana mtoto anayerusha, anayekamata na kuruka kamba anajijengea msingi wa stadi zote zitakazofuata. Mtu wa miaka sitini naye anajifunza. Atahitaji mwanga mzuri, uzi mnene kidogo na siku nyingi zaidi, na hana sababu ya kukata tamaa.

Ujuzi mmoja huusaidia mwingine, ila si bure

Mwaka 2020, korona ilipoingia, kiwanda cha ushonaji cha KICOTEC huko Syongila, Kitui, kilichokuwa kikishona sare, kiligeukia barakoa. Wafanyakazi hawakuanza moja. Jinsi ya kuongoza kitambaa chini ya sindano na kupima mwendo wa mashine kwa mguu walikuwa nayo tayari. Kipya kilikuwa umbo na mpangilio wa kazi. Ukitaka kuhamia stadi mpya, jiulize ni miendo gani unayo tayari na ipi haipo, kisha muda wako uwekeze kwenye ile isiyopo. Anayejua mkeka ana uvumilivu na jicho la mstari, lakini mzunguko wa nyuzi mbili za kiondo lazima aujifunze kama mgeni.

Linda mwili unaojifunza

Ustadi ni pia kutumia nguvu kidogo. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walipima wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu waliobeba kwa mkanda wa paji la uso, namna inayotumika Ukambani pia. Waliweza kubeba hadi moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nishati ya ziada. Utafiti uliofuata mwaka 1995 uliihusisha siri hiyo na hatua zao, zinazopoteza nguvu kidogo kuliko za mtu asiyezoea.

Piga hesabu hapo. Kwa mtu wa kilo 60, moja ya tano ni kilo 12, na mtungi wa lita 20 uliojaa unazidi kilo 20. Wanawake wanaoubeba kila siku kutoka kisimani wamekwishapita kipimo hicho, na shingo na migongo yao inalipa. Anayejifunza aanze na lita tano, njia tambarare, na mtoto asibebeshwe mzigo wa mama. Kwenye kiondo, badilisha mkao kila robo saa, nyoosha vidole, na paja likiwasha pumzisha kusokota siku mbili, ushike kusuka. Maumivu yanayobaki hadi asubuhi ni onyo.

Mpango wa wiki nne

Wiki ya kwanza, sokota uzi nusu saa kila siku, siku tano. Weka kando urefu wa mkono mmoja wa uzi wa kila siku, na Ijumaa uvilinganishe vipande vyote vitano.

Wiki ya pili, endelea na ukuta wa kiondo kidogo kilichoanzwa na mwalimu. Mistari michache kwa siku inatosha. Dakika kumi za mwisho rudi kwenye kusokota.

Wiki ya tatu, ingiza rangi ya pili, ukichanganya kazi zote tatu, yaani rangi moja, rangi mbili na kusokota, bila utaratibu mmoja. Mwalimu akutembelee mara mbili tu wiki hiyo.

Wiki ya nne, jaribu kitako chako cha kwanza. Kisukie pembeni ya mwalimu siku moja, kisha ukiwa peke yako siku nyingine. Kikijikunja, hesabu nyuzi za kusimama ulizoongeza, ufumue mpaka pale zilipozidi. Mwishoni mwa wiki suka mistari michache huku unazungumza na mtu. Ukiweza kusikiliza na kujibu bila mstari kulegea, umeshaikaribia hatua ya tatu.

Baada ya hapo, miezi ndiyo itakayokukomaza. Uchaguzi wa kuanza, hata hivyo, una muda wake. Ujuzi huu haukuandikwa popote kwa ukamilifu, na mwongozo huu haukuandika ila pembe zake. Wanaoubeba ni watu wenye umri, na wakiondoka bila mkono mwingine kuuzoea, unaondoka nao. Kama yupo susu karibu nawe anayejua, nenda kwake wiki hii ukiwa na fungu lako la mkonge, na umwombe akuonyeshe.